Kidonda Ndugu

Aliyekuita ndugu hakukosea.
Ulikuja kama wanavyokuja, bila barua, bila mzigo,
mkwaruzo tu wa kisiki cha mchai uliopogolewa,
juu kidogo ya kifundo, mguu wa kushoto.
Nikakufuta kwa jani, nikaendelea kuchuma.
Siku hiyo nilipima kilo arobaini na mbili.
Nakumbuka kwa sababu sikuzifikisha tena.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Nilikupa. Ukaniachia nilime, ukala wewe.
Miaka tisa unakula:
ulikula kiatu, nikalipasua gumbuti ubavuni;
ulikula kazi, nyapara akasema mama, pumzika kwanza,
na hiyo kwanza haijapata pili;
ulikula ndama aliyeachwa na marehemu,
kwa mganga wa ng'ambo ya Kiwira
aliyesema nimekanyaga cha mtu,
akamtaja jirani yangu Syabumi kwa jina.
Syabumi, aliyekuwa akinitekea maji!
Misimu miwili ya mahindi sikumsalimu.
Maumivu nimeyazoea, ndugu.
Hilo la Syabumi sijakusamehe.

Juni, ukungu unaposhuka kutoka Rungwe,
unaamka saa nane za usiku kama kichanga.
Nakaa ukingoni mwa kitanda, nakupepea,
nahesabu majogoo ya watu.
Kukipambazuka wapita njia wananiita, Ugonile?
Salamu yetu inauliza kama umelala.
Ndaga, nawajibu. Ndaga.

Harufu yako hunitangulia mlangoni.
Kanisani nachagua benchi la nyuma, penye upepo.
Watu wema, hawazibi pua.
Wanakohoa kidogo,
wanakumbuka kwamba kuna mtoto analia nje.
Vitambaa vyako navifua usiku
navianika nyuma ya migomba, viguse mvua kabla ya macho.
Mkwe wangu Bupe ana kamba ndefu ya nguo, uani mbele.
Hajawahi kuninyima.
Sijawahi kumwomba.

Jumatatu na Alhamisi ni zahanati.
Nesi Tumpale anabandua bandeji polepole, kwa maji ya chumvi,
anazungumzia bei ya mbolea mpaka imalizike.
Kisha anakutandikia nailoni angavu
anakuzungushia mpaka kwa kalamu ya wino
kama fundi anayepima kioo cha dirisha.
Sita kwa nne. Mwezi ujao, sita kwa tatu na nusu.
Kisha mvua za masika, saba kwa tano.
Mwaka wa kwanza alisema utapona, mama.
Siku hizi anasema tuonane Alhamisi,
nami naliamini zaidi hili la pili.
Inua mguu juu ya mto, ananiagiza, saa mbili kila siku.
Saa mbili za nani, nesi?
Anacheka. Na yeye amesimama tangu alfajiri,
nimeiona miguu yake, mishipa imeanza kujichora.
Sikumwambia.

Nailoni hizo nazihifadhi kwenye kopo la biskuti.
Jana Lusajo kalifungua, mjukuu wangu,
mmezaliwa mwaka mmoja, wewe na yeye.
Bibi, haya ni maziwa gani?
Akainua moja kwenye mwanga: Hili Ngosi!
Nikamwambia ndiyo, ni Ngosi.
Akazitandaza zote mkekani, ishirini na kitu,
kubwa mkono wa kushoto, ndogo mkono wa kulia,
mpaka ile ya mwisho, kama punje ya haragwe,
ya ule Oktoba tuliodhani umeondoka.

Ona bibi, ziwa linakauka.

Alikuwa amepanga kwa ukubwa.
Tarehe zimeandikwa pembeni, kwa wino, ila hakuzisoma,
nami sikumwonyesha.
Nilikaa naye pale mkekani, mguu juu ya mto,
nikaangalia ziwa linakauka
mpaka Bupe akaita kwamba chungu kinafurika
na nikainuka, ndugu, tukainuka,
wewe kwanza.